Wimbo Uliokosa Sauti ya Kwanza

Ndugu msomaji, nisamehe kwa mwandiko huu na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la saba, na hata huko mwalimu alikuwa anasema herufi zangu zinatembea kama kuku aliyenyeshewa. Naandika polepole. Nikimaliza mistari michache nasimama, naenda mlangoni, natazama malori yanavyopita barabara kuu ya Mbalizi, halafu narudi. Ukiona mahali nimerudia jambo, ujue nilikuwa nimetoka kwenda mlangoni.

Jina langu ni Editha. Nilizaliwa katika kijiji kimoja cha Mufindi, upande wa Mgololo, kwenye ukungu na miti ya paini, mahali ambapo upepo ukigeuka unaleta harufu ya kiwanda cha karatasi. Mimi ni mtu wa aibu. Wageni wakija nyumbani nilikuwa nasema "Kamwene", salamu ya kwetu, huku uso wangu nimeshaugeuzia ukutani. Mahali pekee nilipofungua mdomo ni kwenye kwaya. Nilikuwa sauti ya pili.

Nieleze kwanza kwaya yetu ilivyofundishwa, kwa sababu nisipoeleza hilo hutaelewa kwa nini nakuandikia. Siku ya mazoezi mwalimu alitugawa kona nne. Sauti ya kwanza walikaa mlango wa mbele wa kanisa. Sisi wa pili tulikuwa nyuma, karibu na jiko la akina mama. Wa tatu walisimama penye nguzo ya kengele, na wa nne, wale wanaume wenye sauti nzito, kwenye njia ya kwenda mtoni. Kona zote zilijifunza kwa wakati mmoja, kwa hiyo ili usichukue sauti ya wenzako ulitia kidole sikioni. Mwalimu alikuwa mkali. Mtu wa sauti ya pili akikutwa anaimba sauti ya kwanza, aliambiwa anaiba. Jumapili asubuhi, muda mfupi kabla ya ibada, ndipo tulipounganishwa, na ndipo ulipojua wimbo wenyewe ukoje. Kabla ya hapo ulikuwa na kipande tu. Na kipande cha sauti ya pili, ukikiimba peke yako, hakina uzuri wowote. Ni kama kumsikiliza mtu anayeongea na simu: unasikia upande mmoja.

Baba alipofariki, mama mdogo Sabina alikuja kunichukua nikaishi naye hapa Mbalizi. Yeye ni mfanyabiashara wa mchele. Siku hizo alikuwa anaupeleka Kongo: lori mpaka Tunduma, kisha Sumbawanga, kisha Kasanga ziwani, na pale mnavuka Ziwa Tanganyika kwa boti ya mbao. Ng'ambo alikodi ghala katika mji mdogo ambao jina lake sitalitaja, kwa sababu wapo watu waliorudi kuishi pale na sipendi kuwaletea maneno. Alikuwa na mpagazi wake, kaka Ambakisye, Mnyakyusa wa Rungwe, mwenye mabega mapana na mdomo usiopumzika. Mimi nilikuwa wa kuchambua mchele na kupima kwa kopo.

Siku ile ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Nilikaa mlangoni mwa ghala na ungo mapajani. Mama mdogo alikuwa anabishana na mwanamke mmoja kuhusu mchele uliovunjika. Kaka Ambakisye alikuwa anamwambia kila anayepita kwamba mchele huu ukiupika jirani anahamia kwako. Ng'ambo ya njia palikuwa na kanisa dogo la matofali, na ndani yake kwaya ilikuwa inajifunza.

Mwalimu wao walimwita Papa Yoweli. Alikuwa mzee mwembamba, suruali imefungwa kwa kamba, na hakugawa watu kwa kona. Aliwakalisha wote pamoja kwenye mabenchi, sauti zote nne, zikajifunza zikisikilizana. Kwangu ilikuwa fujo. Lakini nilisikia kwamba sauti ya pili yao ni dhaifu, na bila kufikiri nikaanza kuitafuta mwenyewe, kwa chinichini, kidole cha kushoto sikioni, mkono wa kulia ukiendelea na ungo.

Nilipoinua macho Papa Yoweli alikuwa amesimama mbele yangu.

"Binti wa muchele," akasema, "sikio yako inauma?"

Nikatikisa kichwa. Nyuma yake msichana mmoja wa rika langu alikuwa amemfuata mpaka mlangoni, anacheka. "Papa, haumwi," akasema. "Anajifunga asitusikie. Tunaimba mubaya."

Huyo alikuwa Furaha. Yeye ndiye aliyekuwa anaongoza sauti ya kwanza. Papa Yoweli aliniambia nisibaki nje tena, mazoezi yanayofuata niingie, wanahitaji mtu wa kushika ya pili. Nikaitika bila kutoa sauti. Alirudi ndani, na mimi nikabaki na mchele, nafikiria nitavaa nini.

Jua lilikuwa bado juu tuliposikia milio.

Mwanzo tulidhani ni mabati yanashushwa. Kisha yule mwanamke wa mchele akaacha kikapu chake na kukimbia, na tukajua.

Watu walishuka kutoka juu ya mji kuelekea ziwani. Boti zilizokuwepo ziliondoka na waliowahi. Kaka Ambakisye alirudi kutoka ufukweni mikono mitupu, akasema hakuna hata ubao. Ghala letu lilikuwa la matofali, mlango wa chuma, halina madirisha, matundu ya hewa tu kule juu. Tuliingia. Papa Yoweli akaja na Furaha, na Furaha alikuwa amembeba mgongoni bibi yake kwa kitenge, kama mtoto. Mama mdogo aliwaangalia, akaangalia mlango, akasema waingie upesi. Akafunga.

Tulikuwa sita. Nyuma kulikuwa na kijimlango na pipa lililokinga maji ya bati, na ukuta wa jirani ulitufunika, kwa hiyo maji tulipata. Chakula kilikuwa magunia mpaka darini. Kitu ambacho hatukuweza ni kuwasha moto, maana moshi ungetuonyesha. Tuliloweka mchele mpaka ukalainika, tukatafuna.

Nataka ulishike hilo, msomaji. Hatukuwa na njaa. Tulikuwa na maji, chakula, ukuta na paa. Kama mtu ni mwili tu, tulikuwa na vyote.

Lakini siku zilivyopita nikaona tunapungua. Sisemi unene. Kwanza kaka Ambakisye aliacha utani. Kisha Furaha akaacha kusuka nywele, akabaki nusu kichwa. Mama mdogo alikuwa ametuamuru tusiongee, na mwanzoni ilikuwa kwa amri, baadaye hatukuwa na la kusema. Kila mtu alitazama gunia lake. Nje milio ilikuja na kuondoka, magari yalipita, watu waliokuwa wanagonga milango ya jirani tuliwasikia. Mimi nilikuwa siwezi kutulia. Nilihama kutoka pembe hii kwenda ile, nakaa, nasimama, mpaka mama mdogo akanishika sketi na kunikalisha.

Ghala lile lilikuwa na panya. Walikula mchele uleule tuliokula sisi, walikunywa maji yaleyale, walisikia milio ileile. Walinenepa. Nilikuwa nawatazama wanavyocheza juu ya magunia na najiuliza wao wana nini ambacho sisi hatuna, au sisi tumekosa nini ambacho wao hawakihitaji.

Bibi yake Furaha akaacha kula. Hakuwa mgonjwa. Ukimwekea mchele mdomoni alikaa nao tu, kisha ukadondoka. Furaha alimbembeleza kwa kunong'ona, akambembeleza tena, akalia bila sauti. Mama mdogo alimtafunia mwenyewe, kama anavyotafuniwa mtoto. Ulidondoka vilevile.

Siku iliyofuata Papa Yoweli aliinua mkono.

Aliuweka usawa wa goti, kiganja chini. Akaupandisha kidogo. Akaupandisha tena mpaka kiunoni, akaushusha. Mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufunga, na hakutoa sauti. Nilidhani amechanganyikiwa. Kisha nikaelewa. Goti lilikuwa do, paja lilikuwa re, kiuno mi, na hivyo mpaka kichwani. Alikuwa anatufundisha wimbo.

Ulikuwa wimbo mpya, ameutunga palepale. Maneno yake yalikuwa machache:

Ng'ambo kuna taa, mtu ameiwasha.
Hajui kama ni yetu, lakini ameiwasha.

Alinipa mimi sauti ya pili. Furaha akapewa ya kwanza. Ya tatu akabaki nayo mwenyewe. Kaka Ambakisye hakuwahi kuimba kwaya maisha yake yote, lakini alipewa ya nne, na hapo ndipo aliponong'ona utani wake wa kwanza tangu tujifungie: kwamba amepewa ile ya ng'ombe. Furaha alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

Tulijifunza kwa mikono na kwa pumzi. Furaha alikaa bega kwa bega na mimi, na sauti yake, hata ikiwa ni pumzi tu, ilinivuta. Kwa hiyo nikafanya kama nilivyolelewa. Nikatia kidole sikioni. Kila alipoanza yeye, mimi niliziba. Papa Yoweli aliona, akatabasamu, akaniacha.

Mama mdogo hakupenda. Alingoja mpaka tulipopumzika, akasogea karibu na mzee, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba atatuua.

"Mwalimu, wimbo unaliwa?" akamwuliza.

"Mama, muchele tunao," Papa Yoweli akajibu. "Kama ungetosha, huyu mama mukubwa angekula."

Mama mdogo alimwangalia yule bibi. Akarudi kukaa kwenye gunia lake.

Ulikuwa msimu wa mvua. Anayeishi chini ya bati anajua mvua kubwa ikishuka huwezi kumsikia hata mtu aliye kando yako. Papa Yoweli alikuwa anaingojea hiyo. Mchana mmoja ghala likawa giza, tukasikia matone ya kwanza, makubwa, mojamoja, kisha paa lote likanguruma. Mzee akasimama. Akatuangalia sisi waimbaji wenzake watatu, akainua mikono yote miwili.

Tuliimba kwa sauti zote.

Siwezi kuandika ilivyokuwa. Nilikuwa nimekaa siku nyingi sijasikia hata jina langu likitamkwa vizuri. Koo liliuma. Nilikuwa na kidole sikioni ili nishike yangu, na bado nilihisi sauti ya Furaha ikipita juu yangu, kwenye mifupa ya kichwa, na ile ya kaka Ambakisye ikitetemesha gunia nililoegemea. Machozi yalinitoka na sikuwa na huzuni. Tuliurudia mpaka mvua ilipoanza kupungua, na kabla haijakatika mzee akashusha mikono, tukanyamaza.

Yule bibi alikuwa amefungua macho. Alimwita Furaha kwa kidole. "Pale katikati," akasema, "kesho murudie pale katikati." Kisha akaomba maji, na baada ya maji akala. Kidogo, lakini alikula.

Mimi si msomi. Sijui wenye elimu wanaelezaje jambo hilo. Najua nilichokiona tu: mtu alikuwa na chakula mdomoni akashindwa kumeza, akasikia wimbo akameza.

Tangu hapo tuliishi kwa kungoja mvua. Jua likiwaka tulijifunza kwa mikono, mawingu yakikusanyika tulitazamana. Kaka Ambakisye alirudi kuwa yeye. Furaha alimaliza kusuka kichwa chake, akaanza changu. Kwa kunong'ona aliniuliza kidole changu kinatafuta nini sikioni, nikamweleza habari za kona nne za kanisani kwetu. Akasema siku moja ataenda kwetu, Mgololo, akaione kona yangu, na atasimama humohumo aimbe ya kwanza waone watafanya nini.

Mara ile ya mwisho mvua ilikuja na upepo. Ilinguruma kuliko siku zote. Tuliimba bila hofu. Tulikuwa tumeanza kuamini kwamba mvua ni ya kwetu.

Ilikatika.

Haikupungua. Ilikatika, kama mtu amefunga bomba.

Papa Yoweli alishusha mikono. Mimi na kaka Ambakisye tukanyamaza. Furaha alikuwa kwenye noti ya juu. Neno "ameiwasha" lilibaki hewani peke yake, zima, mpaka mwisho wake.

Maji yalidondoka kwenye pipa.

Tulisikia viatu kwenye tope.

Wakagonga mara moja tu. Kisha wakapiga kitasa risasi, mlango ukafunguka.

Walikuwa watatu. Kiongozi wao hakunizidi umri. Mdogo wao alivaa koti refu lililofika magotini, bunduki ikining'inia mbele kama mtoto aliyebebwa kifuani. Waliyaangalia magunia. Kisha kiongozi akauliza nani alikuwa anaimba. Akasema wimbo ule ni ishara, tunawaita watu.

 Furaha alificha uso kwenye kitenge cha bibi yake.

"Ni mimi," akasema Papa Yoweli.

"Hiyo ilikuwa sauti ya mwanamuke."

"Mimi ni mwalimu. Naimba zote."

"Imba."

Papa Yoweli alibana koo. Akatoa sauti nyembamba, ya juu, yenye mikwaruzo, sauti ya kwanza:

"Ng'ambo kuna taa, mtu ameiwasha."

Kiongozi aliinua kiganja. Inatosha. Alianza kucheka na mwenzake akacheka. Yule mdogo mwenye koti hakucheka. Alikuwa anautazama mdomo wa mzee.

Walimpa mzee gunia. Wakampa kaka Ambakisye magunia mawili. Walitoka nao.

Mama mdogo alitaka kusimama, nikamvuta. Nje nilisikia hatua zinapanda kuelekea kilimani, na juu ya hatua hizo nikasikia mluzi. Mmoja wao alikuwa anapiga mluzi ule mstari. Aliupiga, akaukosea mwishoni, akarudia akaupata. Kisha ukawa mbali.

Nilitazama mikono yangu. Yote miwili ilikuwa imeshika kitenge cha mama mdogo. Masikio yangu yalikuwa wazi.

Kaka Ambakisye alirudi peke yake, ngozi ya mabega imetoka. Alikaa chini, akaomba maji, akanywa, akaomba tena. Alimweleza mama mdogo, sisi tukisikia, kwamba njiani yule mwenye koti alimwomba mzee amalizie wimbo, na mzee akamfundisha mstari wa pili huku wanatembea, gunia kichwani. Walipofika darajani miguu ya mzee ilichoka, akakaa. Kiongozi akawaambia wengine watangulie.

"Halafu?" mama mdogo akauliza.

"Halafu tukasikia mlio," kaka Ambakisye akasema. "Yule mdogo alikuwa anapiga mluzi. Baada ya hapo hakupiga tena."

Siku hiyo mama mdogo aliweka bakuli la mchele mbele yake, akaliacha. Alasiri mvua ilikuja, kubwa kweli, ya muda mrefu. Hakuna aliyeimba. Tulikaa chini ya kelele ile tukiwa watano, na kila mmoja alijua nafasi ya sauti ya tatu ilipo.

Kisha milio ya nje ikatulia, na asubuhi moja jirani alipitisha habari kwenye tundu la hewa kwamba boti zinachukua watu kwenye matete, mbali kidogo na mji. Tulitoka kabla jua halijapanda sana. Kaka Ambakisye alimbeba bibi. Furaha alitembea nyuma yangu, na tulipofika mahali pa wazi alinisogelea, akaniambia tukifika kwetu nisisahau, anataka kuiona ile kona. Nilimwambia nitamwonyesha.

Boti ilikuwa moja na watu walikuwa wengi. Mwenye boti alihesabu kwa kidole. Mama mdogo, mimi na kaka Ambakisye tuliingia. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya mtu mmoja. Mwenye boti alimwambia Furaha apande, bibi aje na boti ya nyuma. Furaha hakubishana. Alikaa tu kwenye majani, akamlaza bibi yake mapajani, akatuambia kwamba wao watakuja na hiyo ya nyuma.

Mwanamke mwingine alichukua nafasi ile. Tuliondoka. Nilimwona Furaha mpaka matete yakamfunika.

Kasanga tulingoja. Kila boti iliyofika mama mdogo alishuka mpaka majini kuuliza. Waliofika walikuwa wametoka sehemu nyingine. Wengine walisema boti nyingi zilielekea Zambia, wengine walisema ile ya nyuma haikurudi kuchukua watu. Sijui. Mpaka leo sijui, na sitaandika kwamba amekufa kwa sababu sijui.

Sasa tuko hapa Mbalizi. Mama mdogo anauza mchele sokoni, mwisho wake Tunduma, hapandi boti tena. Kaka Ambakisye anasukuma mkokoteni na ameshaoa. Mimi namsaidia mama mdogo. Tunakula, tunalala, tuna mlango unaofungika. Lakini mvua ikipiga bati mimi siwezi kukaa. Nasimama. Nikiwa sokoni nahama kibanda kwa kibanda. Nikiwa nyumbani natembea kutoka chumbani kwenda ukumbini mpaka mama mdogo aseme, "Editha, keti, unanichosha macho."

Wakati mwingine kaka Ambakisye mvua humkuta karibu na kwetu, anaingia akiwa amelowa. Hapo tunaimba. Mimi naimba ya pili, yeye ya nne. Ni wimbo usio na uso. Anayesikia nje atadhani tunajifunza kuimba na tumeshindwa. Katikati, pale bibi alipotaka parudiwe, mimi natulia kwenye noti moja kwa muda mrefu na kaka Ambakisye anashuka chini kabisa. Kuna mtu mwingine alitakiwa kupita hapo juu. Tunaacha nafasi yake, kisha tunaendelea.

Utaniuliza kwa nini hatuijui sauti ya kwanza, wakati tulikuwa chumba kimoja. Kaka Ambakisye anasema ghalani yeye alikuwa anahangaika na ng'ombe wake, na njiani na mzee magunia yalimziba masikio. Mama mdogo alisikia yote, na anajitahidi kweli. Anafumba macho, anaanza vizuri, lakini akifika mstari wa pili sauti inamponyoka inageuka kuwa wimbo wa kanisani kwetu, wa mavuno. Anaacha, anatikisa kichwa, anaanza tena. Yeye aliyeuliza kama wimbo unaliwa ndiye siku hizi anayetuambia tuanze. Na mimi nilikuwa na kidole sikioni.

Nina mstari wa kwanza. Huo ninao kwa sauti ya Papa Yoweli, yenye mikwaruzo, na nautunza hivyohivyo. Wa pili nina maneno yake tu, sauti yake sina. Kule ghalani hatukuwa na karatasi wala kalamu, na hakuna aliyewaza kwamba wimbo unaweza kupotea watu sita wakiwa wameusikia. Malori ya karatasi za Mgololo yanapita hapa mbele ya mlango, nayatazama.

Krismasi nilienda kijijini. Mwalimu wa kwaya alitugawa kona nne kama kawaida. Nilisimama nyuma, karibu na jiko, kona zote zikaanza kwa pamoja, na mkono wangu ulikataa kupanda. Nilisikiliza wote. Mwalimu aliniambia mbele ya wenzangu kwamba nachukua sauti za watu. Niliinamisha kichwa, lakini masikio niliyaacha wazi. Sasa kila wimbo wa kijijini kwetu nina sauti zake zote nne. Wimbo mmoja tu ndio sina.

Nimefikiria sana thamani ya kitu hiki. Papa Yoweli angekaa kimya angekuwa hai pengine. Furaha asingepanda noti ile tusingegundulika. Mama mdogo alisema kweli, wimbo ulituletea wale watu. Na yule bibi alikula kwa sababu ya wimbo uleule. Nimeyaweka yote mezani, huku na huku, na hayalingani, wala siwezi kukuambia upande gani ni mzito. Najua tu kwamba nimepewa tena mwili wangu mzima, na kila mvua ikinyesha unasimama kutafuta mstari mmoja.

Kwa hiyo naomba mniandikie. Waliochapisha maandishi haya wanajua watanipataje. Kama wewe ni Furaha, andika neno moja tu, hata usiposema uko wapi. Kama ulikuwa kwenye boti ya nyuma, au uliwahi kukutana na msichana anayeimba habari za taa iliyowashwa ng'ambo, niandikie alikuwa anaimbaje.

Na wewe uliyekuwa na koti refu. Kaka Ambakisye anasema mzee alikufundisha mstari wa pili mpaka ukaupata. Sitakuuliza jina wala jambo lingine lolote. Kama bado unaukumbuka, niletee.